Kadi za Matundu za Baleni

Baleni ilipoandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa, mimi ndiye niliyepewa ukarani wa elimu ya watu wazima. Nilikuwa na darasa la saba na mwandiko unaosomeka, na nilikuwa mwanamke peke yangu katika ofisi ile ya chumba kimoja iliyopakana na darasa.

Kazi yenyewe ilikuwa daftari kubwa. Mbele ya kila jina niliandika: mwanamke au mwanamume, yuko kijijini au yuko dago, yaani kambi ya wavuvi, anajua kusoma au hajui, ameanza darasa au bado. Ofisi ya wilaya ikiuliza, "Tupeni wanawake walioko kijijini, wasiojua kusoma, ambao hawajaanza darasa," basi nilifungua ukurasa wa kwanza nikatembeza kidole mpaka wa mwisho. Siku mbili zinakwisha. Wiki ya pili linakuja swali jingine, naanza upya.

Nikapelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya wiki tatu. Huko mkufunzi mmoja, mama aliyewahi kufanya kazi maktaba, alituonyesha jambo ambalo wenzangu walilicheka na mimi likaninyima usingizi. Alikuwa na kadi nyingi, kila moja na safu ya matundu kwenye ukingo wa juu. Kila tundu ni swali moja. Jibu likiwa ndiyo, unakata kwa mkasi kutoka tunduni mpaka ukingoni, tundu linabaki na mdomo wazi. Jibu likiwa hapana, unaliacha zima. Ukitaka kujua, unazipanga kadi pamoja, unapitisha sindano ya kufumia kwenye tundu la swali lako, unainua na kutikisa. Wenye ndiyo wanaanguka. Wenye hapana wananing'inia.

Niliporudi sikuwa na kadi wala sindano. Nilikata maboksi ya sabuni, nikatoboa kwa mashine ya kutobolea karatasi ya ofisini, na badala ya sindano nikachukua spoki ya baiskeli kuukuu. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, alisimama mlangoni akanitazama.

"Ndugu karani, umeacha kazi unacheza?"

"Niulize swali lolote, mwalimu."

Akafikiri. "Wanaume walioko kijijini, wanaojua kusoma."

Nikapitisha spoki mara tatu, mara moja kwa kila sharti, nikamwekea fungu la kadi mezani. Alizipitia moja moja akitafuta kosa. Hakuliona. Kesho yake alikuja na maboksi mengine chini ya kwapa.

Kosa lilikuwepo, ila halikuwa mahali alipotafuta. Tulibandika kwenye mlango wa shule orodha ya kwanza ya wasiojua kusoma, ili kila mtu ajue siku ya kuanza darasa. Asubuhi ile ile bibi mmoja wa kijijini, mtu mzima sana, alikuja ofisini na mkongojo wake. Mjukuu wake alikuwa amemsomea orodha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniandika sijui kusoma?"

"Ndiyo, bibi. Kadi yako inasema hivyo."

"Kadi imenijuaje? Uliniuliza lini?"

Nikafungua daftari. Mbele ya jina lake, mahali pa kusoma, palikuwa patupu. Siku ya kuandikisha alikuwa kisiwani Bwejuu kwa binti yake, na hakuna aliyerudi kumuuliza. Mimi nilipohamisha daftari kwenda kwenye kadi, palipokuwa patupu sikukata kitu. Tundu likabaki zima, na tundu zima maana yake hapana.

Bibi akatoa karatasi kwenye upindo wa kanga. Ilikuwa barua ya Kiswahili, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mistari imenyooka kama uzi. Akaisoma yote bila kukwama: salamu, habari za mgonjwa, maombi ya dua. Barua za wanawake ambao waume zao wako dago, yeye ndiye aliyekuwa akizisoma na kuzijibu, tangu kabla sijazaliwa.

"Sasa mwanangu," akasema, "usiponiuliza, usinijibie."

Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama. Aliponipa mgongo nililia kidogo, kisha nikabandua ile orodha mlangoni kwa mikono yangu mwenyewe, watu wakitazama.

Yaliyofuata ndiyo ninayojivunia mpaka leo, kuliko hata kuzitengeneza zile kadi. Nilitoboa matundu mawili zaidi. La kwanza lilikuwa la "ameulizwa". La pili lilikuwa la "anasoma herufi za Kiarabu". Sheria niliyojiwekea ni kwamba spoki ipite kwanza kwenye "ameulizwa". Watakaoning'inia hapo wawekwe kando, wasihesabiwe kwa wanaojua wala kwa wasiojua, mpaka mtu aende kwao kwa miguu akawaulize. Nilikwenda mimi, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, chini ya minazi na katikati ya mihogo. Miaka mingi baadaye binti yangu alifanya kazi kwenye ofisi ya kompyuta. Akanieleza kwa fahari kwamba ndani ya mashine kuna kweli, kuna si kweli, na kuna patupu, na kwamba anayechanganya patupu na si kweli huharibu kazi nzima. Nilimwambia hayo mimi nilifundishwa na bibi mwenye mkongojo.

Nilipomaliza mzunguko, nilipitisha spoki kwa swali langu mwenyewe ambalo wilaya haikuliuliza: nani hajui herufi za shule lakini anajua za Kiarabu? Wakaanguka watu kumi na tisa, wengi wao wanawake. Tukawapa darasa lao peke yao, maana hawa hawakuhitaji kufundishwa kusoma ni nini. Walihitaji kubadilisha herufi tu, na kuanza kushoto badala ya kulia. Hawakumaliza hata nusu ya muda wa darasa la kawaida.

Nilipokaribia kujifungua, niliandika njia zote za kupata majibu kwenye boksi moja kubwa nikalitundika kwenye ukuta wa ofisi. Kila njia niliipa jina. Chini ya jina niliandika hatua: tundu gani kwanza, chukua walioanguka au walioning'inia, kisha tundu gani. Atakayeshika kazi yangu asilazimike kufikiri upya, ataje jina la njia tu na afuate.

Siku ya kumi na mbili baada ya uzazi, mwalimu mkuu alipiga hodi nyumbani akiwa na ofisa kutoka wilayani. Nikatoka barazani na mtoto begani.

"Samahani kwa usumbufu," mwalimu akasema. "Nimefuata boksi lako, majibu yote yametoka. Ila ndugu ofisa ana neno."

Ofisa alishika fomu. "Hii ina nafasi mbili, wanaojua na wasiojua. Mwalimu wako ana fungu la tatu. Hao niwaandike wasiojua, sivyo?"

"Hapana, ndugu. Hao hawajaulizwa. Nilipozunguka walikuwa dago."

"Tofauti yake nini? Hawamo kwenye wanaojua."

"Na kwenye wasiojua hawamo. Ukiwaandika huko, utakuwa umewajibia."

Alimtazama mwalimu mkuu, akitumaini mkubwa wangu angenikemea. Mwalimu akasema, "Karani ameshasema."

Ofisa alikaa kwenye mkeka, akapiga mstari kwa rula pembeni mwa fomu, akatengeneza nafasi ya tatu. Kisha akaomba nakala ya lile boksi la ofisini apeleke vijiji vingine. Mwalimu alilinakili mwenyewe jioni ile, na juu kabisa, kabla ya njia ya kwanza, akaandika: Imetungwa na karani wa Baleni.