Mahindi Yangu na Wito wa Mhubiri

Nani alimruhusu huyu mgeni kutoa wito saa tisa mchana, Kisii hii ya mvua?

Mimi, mwalimu wa hapa, ndiye mkalimani wake. Wiki nzima natafsiri wale wanyama wa kitabu cha Danieli mpaka sauti imekauka.

Leo hapa Ogembo mahubiri yake yakafika siku ya mwisho ya dunia. "Kama uko tayari, simama! Usingoje!"

Nikatafsiri.

Hapo hapo radi ikapiga, matone yakaanza kugonga bati.

Kanisa zima likasimama. Likatoka mbio.

Jamani, uwanja wa kanisa ndio tambarare pekee huku kwetu. Sote tumeanika mahindi pale. Mgeni mwenyewe aliyaruka akiingia!

Sasa analia kwa furaha, simu juu, anarekodi.

Nikamwambia, "Pasta, ni mahindi."

"Ndiyo! Mavuno ni mengi!"

"Pasta, mahindi ya ugali."

Akanishika mkono, akafumba macho, akaanza kuomba. Maombi marefu, na mkono haachii. Mngekuwa nyinyi mngeuchomoa?

Watu wakarudi wameloa, wanacheka. Mama Kwamboka akaninong'oneza, "Pole, mwalimu. Tulidhani unakuja."

Mahindi ya kanisa zima yameokoka.

Ya mkalimani yameachwa.