Mlango Uliozama Ukutani

Mwezi uliopita nilipita mtaa wetu wa zamani hapa Houston, nikakuta nyumba niliyolelewa inauzwa na wateja wanakaribishwa kuitazama. Nikamshika binti yangu mkono tukaingia. Nyumba ya mtindo wa enzi za Mfalme Edward wa Uingereza, ya miaka mia na ushee, dalali akatuambia kwa madaha, kana kwamba si mimi niliyekuwa nikizifuta vumbi nguzo za baraza yake kila Jumamosi.

Wakati ule, ndugu yangu, mtaa haukuwa na wa kuugombea, na nyumba yenyewe ilishachoka. Baba, aliyekuwa akiendesha teksi, alipanga humo kwa sababu Bibi, mama yake, aliipenda. Dari zilikuwa juu, na kila mlango ulikuwa na kidirisha cha vioo vya rangi cha kupitishia upepo, kama kwao Unguja. Alichokipenda zaidi ni mlango mkubwa wa mbao kati ya kumbi mbili za mbele. Ukiusukuma, unazama ndani ya ukuta. Ukiuvuta, wanaume huku na wanawake kule. Kazi yangu ilikuwa kuisugua reli yake kwa mshumaa ili usipige kelele.

Babu alipofariki, Bibi alikaa eda katika ukumbi wa pili, nyuma ya mlango ule, haonekani na wanaume wa nje. Waliokuja kutupa pole walikaa ukumbi wa mbele, wakinywa kahawa chungu kwa tende, nami nikiingia na dele kutoka jikoni kuwamiminia. Siku moja ami, kaka mkubwa wa baba, alikuja kutoka Dallas akaanza kupanga mambo mbele ya wageni. Eda ikiisha, mama yao arudishwe Unguja, kwani huku atabaki kufanya nini? Baba aliinamisha kichwa. Bibi ndiye aliyenilea, na hakuna aliyekuwa akimuuliza.

Sauti ikatoka nyuma ya mbao, taratibu kabisa.

"Mshamaliza kunifungasha? Mume wangu kazikwa hapa. Mie siendi pahala."

Hakuna aliyemwona. Ami akaomba kahawa nyingine. Bibi aliishi nasi mpaka mwisho wake, na leo kaburi lake liko ubavuni mwa la Babu.

Sasa kuta zimevunjwa. Kumbi mbili, chumba cha kulia na jiko vimekuwa uwanja mmoja mweupe, na dalali anausifia kwa mwanga.

Binti yangu, niliyemsimulia habari hii njiani, akatazama huku na huku. "Mama, so Bibi alikuwa anakaa wapi?"

Nilinyoosha kidole kuelekea kwenye kochi, nikakirudisha. Nikasogea dirishani, nikageuka, nikajaribu tena. Ukuta haupo, na bila ukuta sikujua nianzie wapi.

"Hapa," nilimwambia mwishowe, lakini nilikuwa nabahatisha.