Mbuzi wamefika kwa wakwe, mimi bado

Leo mbuzi wangu wa kumposa Mwende wamefika kwao bila mimi.

Fundi alipoongezea pickup yangu ya dizeli nguvu ya turbo, alisema nibadilishe rejeta pia, joto litazidi. Nikamwambia hiyo itangoja.

Sasa kwa huu mlima wa Kikima, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Mjomba wangu akasema, "Zima, utaua injini."

Nikazima. Mvuke kila mahali, na wazee wanangoja ntheo, hao mbuzi wa posa.

Nyuma yetu ikaja pickup kuukuu, polepole. Ni babake Mwende, ametoka kununua soda za wageni.

Wageni ni sisi.

Akapakia mbuzi kwa pickup yake. Halafu: "Mbuzi na mjomba nimechukua. Wewe baki na turbo yako."

Niko hapa kwa jiwe nangoja ipoe. Wenye mmeoa, hapo nimekubaliwa ama nimekataliwa?