Jicho Chini ya Doa la Chai

Nilianza kuishuku programu ile siku iliponiomba ruhusa ya kutumia maikrofoni. Kazi yake ilikuwa kulainisha nyuso za watu kwenye picha. Ilitaka kusikia nini? Nikakataa. Ikauliza niko wapi. Nikakataa tena. Ikaomba namba zote zilizohifadhiwa humo, na hapo nikaigeuza simu kifudifudi mezani, kama unavyofunga mlango wa chumbani mgeni anapoanza kuchungulia.

Simu yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenye studio, mwanamke wa hapa mjini ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani, akaoa, akabaki. Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita mwandishi, na jinsi alivyolitamka neno hilo ungedhani ni ugonjwa usio na dawa lakini usioua. Asubuhi niliandika riwaya yangu katika chumba cha kupanga Kibeta. Mchana niliteremka Kashai, kwenye studio iliyobanwa kati ya saluni na fundi cherehani, nikasafisha nyuso za watu mpaka jioni.

Tulikuwa na programu mbili, na tulipaswa kubaki na moja. Ya kwanza ilikuwa kwenye kompyuta, nzee, nzito, ambayo kila asubuhi ilifunguka kwa maandishi mekundu ya kutulaumu kwamba imepitwa na wakati. Ndiyo niliyojifunzia. Ukitaka kuondoa kovu, unachukua kipande cha ngozi safi kilicho karibu na kukipandikiza juu yake, taratibu, kama unavyotia kiraka kwenye shati la mtu unayemheshimu. Ya pili ndiyo hiyo ya simu. Unagusa mara moja, uso unang'aa.

Hatungeendelea na zote mbili, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kutugundua. Bibi harusi mmoja alishughulikiwa na dada kwenye simu, mama yake nikamshughulikia mimi kwenye kompyuta. Albamu ilipofunguliwa, binti alikuwa kama sahani ya kaure na mama alikuwa mtu. Wakaja juu wote wawili.

"Hakuna anayekuja studio kutafuta chunusi zake," dada alisema siku hiyo. "Chunusi anazo nyumbani."

"Anakuja kutafuta uso wake."

"Uso anao pia! Wewe mdogo wangu unataka kila picha iwe msiba."

Nikaanza upelelezi. Nilizipanga kwenye kioo cha kompyuta picha zote zilizopita kwenye simu mwezi ule: mtoto wa kipaimara, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda aliyetaka picha ya kumtumia mchumba, yule bibi harusi. Nikazitazama kama polisi. Pua zao zilikuwa zimeanza kufanana. Pembe za macho yao zilikuwa zimepinda kwa namna moja. Watu wa koo tofauti, dini tofauti, wengine wa mjini na wengine wa kwenye vibanja vya migomba, wote walikuwa wamekuwa watoto wa tumbo moja, na mama yao sikumjua.

Nikafanya jaribio. Nilichukua picha yangu mwenyewe, nikaivuruga hadi uso ukawa moshi mtupu, nikaipa ile programu. Ikafikiri kidogo. Ikanirudishia kijana mzuri mwenye meno yaliyopangika. Sijawahi kumwona popote.

"Amekuzidi," dada alisema, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani.

Mimi sikucheka. Nami pia ni mwongo, mkono wangu umeshafuta makovu ya watu wengi. Lakini mkono wangu najua ulikopita. Huyu alikuwa ametoka wapi?

Mchana mmoja wa mvua aliingia mama mmoja kutoka Ngenge, na binti yake aliyevaa sweta la shule. Mama alikung'uta mwavuli nje, akaketi, akafungua kifurushi kidogo cha jani la mgomba, akatugawia kahawa za kutafuna kabla hajasema neno. Tulipokwisha kutafuna, alitoa kitambaa kifuani, ndani yake mfuko wa nailoni, ndani yake picha ndogo ya pasipoti.

"Ni baba yake huyu," alisema, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Alitutoka huyu akiwa mgongoni, hajui hata kutamka baba. Nyingine zote ziliharibika, nyumba ilivuja. Nataka mnisafishie hii, iwe kubwa ya kuning'iniza ukutani."

Dada alinyoosha mkono. Mama hakuachia picha.

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Naipiga kwa simu tu, hapa hapa."

"Basi ipige ikiwa mkononi mwangu."

Nilimpenda papo hapo. Nilisogea nikaiangalia. Mwanamume wa makamo, shati la kola, na ncha moja ya kola ilikuwa imejikunja kuingia ndani, kama aliyevaa kwa haraka kuwahi kupigwa picha. Jicho la kulia lilikuwa wazi. La kushoto lilikuwa limemezwa na doa la maji ya bati, doa la rangi ya chai, lililoanzia kwenye nyusi na kushuka hadi shavuni.

Binti naye alikuwa akiitazama, na alipoinua uso niliona kope ya jicho lake la kushoto. Ilikuwa imelala kidogo, nusu ya mboni imefichwa. Alipoona nimeona, akainamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Shuleni wanamwita Jicho la Usingizi," mama alisema, bila kumficha. "Namwambia kila siku: hilo jicho ni la baba yako. Haamini."

"Sijasema siamini," binti alisema kutoka chini.

"Umesema nasema hivyo ili nikubembeleze."

"Basi si tutaona?"

Wakati ule ndipo nilipojua walichokuja kukitafuta. Picha ya ukutani ilikuwa sababu ya nauli. Binti yule alikuwa amepanda gari kutoka Ngenge ili aone kama mama yake anasema kweli.

Nilimtazama dada, nikitaka kumwambia asubiri, tutumie kompyuta. Lakini alikuwa ameshapiga picha, na kidole chake kina haraka. Akagusa. Programu ikafikiri.

"Haya! Mtazameni mzee!" akasema, akageuza simu.

Doa halikuwepo. Mwanamume alikuwa amerudi, mashavu laini, rangi imekuwa nyeupe kidogo kuliko ya mtu yeyote mle chumbani, na macho mawili makubwa, sawa, yaliyofunguka kama madirisha ya nyumba moja. Ncha ya kola tu ndiyo ilikuwa imebaki imejikunja.

Binti aliishika simu kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na jirani yetu wa saluni alikuwa akimwimbia mteja.

"Baba alikuwa mzuri," alisema. Kisha akamrudishia dada simu kwa adabu, kwa mikono miwili vilevile. "Sifanani naye."

"Subiri kwanza," mama alisema.

"Mama, si unaona mwenyewe? Macho yote sawa." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ungeniambia tu ni jicho bovu. Ningezoea."

Mama aliinuka. Alimkazia dada macho.

"Mwanangu, nilikwambia ufanye nini?"

"Nisafishe, mama. Nimesafisha."

"Nilisema picha. Kusafisha picha! Zamani tulipeleka filamu mjini, wakasafisha, tukarudishiwa watu wetu walewale. Wewe umemwogesha mtu." Akaifunika ile ndogo kwa kiganja. "Mume wangu alishaoshwa. Nilikuwepo."

Dada aliishusha simu taratibu. Alikuwa amelisikia neno lile kama wanavyolisema vijana wa Kashai, kusafisha kwa maana ya kung'arisha uso. Mama alikuwa amelisema kama walivyolisema wazee, kwa maana ya kuifanya picha itokee. Na programu haikuuliza anasema lipi.

"Niachie mimi, mama," nikasema. "Na wewe mdogo wangu, njoo ukae hapa, karibu na kompyuta."

"Utamchora," binti alisema. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja mvua. "Umeona jicho langu, sasa utamchorea lake ili mama afurahi."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo hasa ningeweza kufanya, na lingepita bila mtu kujua. Nikakunja mikono kifuani.

"Sitagusa brashi. Wewe ndiye utakayeshika kipanya. Mimi nitakuelekeza tu."

Tuliiskani picha, mama amesimama juu ya mashine kama askari, kidole hakijatoka ukingoni mwa kifuniko. Ilipotokea kwenye kioo, kubwa, na doa lake, nilimweleza binti kwamba picha ya rangi ni kama vitambaa vitatu vyepesi vilivyowekwa kimoja juu ya kingine: chekundu, kijani na buluu. Doa la chai huonekana sana kwenye buluu. Kwenye chekundu hufifia.

"Zima buluu. Hapo, bonyeza. Sasa kijani."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi na cheupe, chenye chengachenga kama unga uliosagwa vibaya. Doa lilikuwa limegeuka ukungu mwembamba. Ndani ya ukungu kulikuwa na mstari.

"Ikuze," nikasema. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilikuwa sijui kilichomo mle. Mama angeweza kuwa amesahau. Watu husahau nyuso za wapenzi wao na kuzijaza kwa nyuso za watoto wao, na hakuna anayewashtaki.

Akaikuza. Mstari ukawa kope. Kope haikuwa imeinuka kama ile ya kulia. Ilikuwa imelala, imeteremka juu ya mboni, imeifunika nusu.

Binti alisogeza uso hadi pua yake ikakaribia kioo. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Kaka, hapa hujagusa kitu?"

"Mkono wangu uko wapi?"

Akaitazama mikono yangu, bado imekunjwa. Akairudia picha. Akaweka kiganja juu ya jicho lake la kulia, lile zima, akamtazama baba yake kwa lile la kushoto peke yake.

"Waitu jamani," mama alisema nyuma yetu, taratibu, na nilipogeuka niliona ameketi kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyetua mzigo. "Hata mimi nilikuwa nimeanza kujishuku. Usiku nasema, au ni mimi nimempa hilo jicho?"

"Mama!" binti akasema. "Na wewe hukuwa na uhakika?"

"Nilikuwa na uhakika mchana."

Wakacheka, wakaangukia Kihaya, wakaanza kusemana mambo ya nyumbani ambayo hayakutuhusu. Dada alikwenda kuchemsha chai bila kuambiwa.

Niliichapa ile ya kompyuta, na chengachenga zake, na ukungu kidogo uliobaki. Mama aliilinganisha na ile ndogo, akaikubali. Lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni, picha imefungwa kifuani, akanyoosha kidole kwenye simu ya dada.

"Na yule mwingine?"

"Nani, mama?"

"Huyo mliyemvalisha shati la mume wangu. Mtoeni humo."

Dada akamfuta mbele yake, akamwonyesha nafasi tupu.

"Ameondoka kweli?" Swali hili aliniuliza mimi.

"Humu kwenye simu, ameondoka."

Alilishika lile neno langu la "humu" kama mtu anavyomshika mwizi mkono. "Na kwingine?"

Nilizikumbuka ruhusa zote tulizoombwa, na zile ambazo dada alizikubali kabla sijafika kwa sababu alikuwa na haraka. Binti ndiye aliyemvuta mama yake kwa kiwiko.

"Twende, mama, tutakosa gari. Hata akibaki huko, hana jicho letu."

Hatukuwahi kukaa kikao cha kuchagua. Jioni ile dada aliirudisha kompyuta mezani katikati, na simu ikabaki kwa wanaoitaka kwa kinywa chao. Siku hizi mteja akisema "nisafishie," namuuliza: picha, au uso? Wengine hucheka. Wengine huniona nina maringo. Mama mmoja wa Kashai aliniambia, "Mwandishi, safisha vyote, na moyo pia," nikamsafishia uso, maana alitaka.

Lakini programu ile bado imo. Kila ikijiongezea mambo mapya hutuletea nyuso za mfano, watu wazuri wasio na kwao, kutuonyesha inavyoweza. Dada hutazama ngozi zao na kusifu. Mimi sitazami nyuso. Natazama kola, kama kuna ncha iliyojikunja kuingia ndani.