Jicho Lililodhaniwa Linakonyeza

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nusura nikose mume kwa ajili ya kope. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa msichana wa kuposwa, kwetu Busia. Owor, kijana aliyekuja kuniposa, alitoka Paya kwa baiskeli, akapita Tororo, akafika kwetu na shati lililopigwa pasi. Unajua desturi yetu: kijana hamtazami mama mkwe usoni. Basi mama alipopita na chakula, Owor akainamisha kichwa vizuri, lakini jicho lake la kulia likawa linafumba na kufumbua, linafumba na kufumbua.

"Huyu anakonyeza nani?" mama mdogo akauliza. "Mama ya bibi arusi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Baba hakucheka. "Chukua baiskeli yako uende."

"Baba, sikonyezi. Jicho inaniuma."

"Ilianza kukuuma ulipoona mke wangu?"

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, namwomba Mungu. Msichana hakuwa na ruhusa ya kusema neno. Aliyesema ni shangazi Nabwire, dada mkubwa wa baba. Alimkalisha Owor juani, akamwinua kidevu, akalitazama lile jicho bila haraka.

"Kope zimegeukia ndani," akasema. "Zinakwaruza jicho. Kila akifumbua ni kama mchanga." Kisha akamgeukia baba. "Ndugu yangu, mama yetu alipofuka hivi hivi. Sisi tukasema ni moshi wa jikoni. Tukamng'oa kope kwa kibanio, zikaota tena fupi, kali kuliko za kwanza. Wewe ndiye ulikuwa unamshika mkono kwenda kanisani. Leo huyu unamfukuza?"

Baba akaingia ndani, akatoka na kofia yake. Yeye mwenyewe alimpeleka Owor hospitali ya misheni, na daktari akaigeuza ile ngozi ya kope kwa upasuaji. Jicho lilipona, likabaki na kovu jeupe dogo. Kovu hilo nimelitazama mezani kwangu miaka mingi, nikimshukuru Mungu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona kope za mtu zinachoma jicho, usizing'oe na kudhani umemaliza. Mpeleke hospitali mapema, kabla jicho halijaingia ukungu. Chokea nayo, kile kijipu cha ukopeni, si adhabu ya kuchungulia wakubwa wakioga, kama watu wanavyotaniana. Ikande kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu, usiiminye, na isipopungua, mwone daktari. Usitie jichoni maziwa wala majani. Watoto waoshe uso kila siku. Na kuna mtu aliyezaliwa na ukope ulioshuka: huyo hasinzii kanisani wala hakudharau. Lakini ukope ukishuka ghafla, usingoje kesho.

Mungu aliyekufumbua macho asubuhi ya leo akulindie nuru yake, na akupe subira ya kumtazama mwenzako mara ya pili kabla hujamhukumu.