Shaka Niliyompa Bingwa

Sijawahi kupigana na mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu mwaka jana nilikalishwa kwenye kiti cha jaji, nikaamua ni nani kati ya wanaume wawili aliyempiga mwenzake.

Shuleni kwetu kila mvulana huingizwa ulingoni akitaka asitake. Mimi nilipoingia nilifumba macho. Mwalimu wa ndondi akanitoa, akanipa karatasi na penseli. "Kama huwezi kupiga, basi wahesabie wanaopiga." Nikajifunza. Anayeshinda raundi hupata pointi ishirini, mwenzake kumi na tisa au chini ya hapo; wakiwa sawa, kila mmoja ishirini. Raundi ni tatu. Jumla zikilingana, jaji haruhusiwi kuacha sare. Lazima atie alama kwa mmoja. Niliipenda kazi hiyo kwa kuwa haikunitaka kufungua mdomo.

Jumamosi ya shindano la mkoa, pale ukumbini Nakuru, jaji aliyekuwa atoke Naivasha hakufika. Mwalimu wangu ndiye alikuwa refa. Aliangaza macho huku na huku, kisha yakanikuta. "Wewe, kaa pale." Nikakaa, na kaptura yangu ya shule, magoti nje.

Bingwa alikuwa jirani yetu kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa amemshinda. Kila asubuhi aliniita mwalimu kwa sababu ya vitabu vyangu, nami nilitembea nimejaa fahari siku nzima. Mpinzani wake alikuwa kijana wa Elburgon, mpasua mbao kwenye mashine ya mzungu. Wenzake waliokuja naye juu ya lori walikuwa wameshamweleza kila mtu habari yake: bwana wake amempa ruhusa hii moja tu. Akishinda, aende Nairobi na timu ya mkoa. Akishindwa, arudi kwenye msumeno, na asiombe tena.

"Wewe mtu wa mbao! Leo utapasuliwa wewe!" watu wa reli wakapiga kelele.

"Bingwa wenu amenenepa kama behewa!" wale wa lori wakajibu. "Nani atamsukuma?"

Raundi ya kwanza bingwa aliichukua, hilo halina ubishi. Ya pili yule kijana akaanza kumtangulizia mkono wa kushoto, umenyooka, na kila mara ulifika. Bingwa alikuwa akitabasamu, lakini mimi nilikuwa karibu, niliona macho yake yakitoka machozi. Kengele ikalia. Nilikuwa nimeshaigusisha penseli karatasi nimwandikie kijana ishirini, mwenzake kumi na tisa.

Nyuma yangu mtu mmoja wa landi akamwambia jirani yake, "Bingwa hapokonywi kwa kalamu. Anayemtaka amwangushe."

Hakuwa akisema nami. Lakini nilisikia, na nilijua nitarudi nyumbani kupitia mlangoni kwa bingwa. Nikaandika ishirini kwa ishirini. Nikajiambia refa alinikinga nisione vizuri. Refa hakunikinga.

Raundi ya tatu ilikuwa ya kijana. Bingwa alimkumbatia tu ili asianguke. Nikaandika haki, nikajumlisha: hamsini na tisa kwa hamsini na tisa. Sasa ilinibidi nitie alama. Nikajiambia, kwa utulivu kabisa, kwamba penye shaka bingwa anastahili. Nikatia.

Jaji mmoja alimpa bingwa, mwingine kijana. Karatasi ya tatu ilikuwa yangu. Ukumbi ukapasuka kwa kelele. Kijana hakubisha. Alimpa bingwa mkono, akavitazama vile viti vitatu, changu mwisho, akashangaa kidogo. Nadhani ni kaptura.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, nilimkuta bingwa ameketi mlangoni kwake, mkono umezama kwenye karai la maji ya chumvi.

"Mwalimu, raundi ya pili uliniandikia ngapi?"

"Ishirini."

"Na yule?"

"Ishirini."

Akacheka, mdomo ukamuuma, akaacha. "Mimi ningejiandikia kumi na nane."

"Mwache mtoto wa watu," mke wake akasema kutoka ndani.

"Simsumbui. Namshukuru." Kisha akanong'ona, "Lakini usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Alikwenda Nairobi, akatolewa siku ya kwanza.

Tangu hapo nimelibishania jambo hili peke yangu mara nyingi. Wale wanaomtetea bingwa si wajinga. Yeye ameshathibitisha, anayekuja kuchukua ndiye aje na nguvu za kuchukua. Nikiona kweli siwezi kuwatenganisha, pengine hata leo ningemtilia yeye alama. Lakini shaka ile haikutoka ulingoni. Niliitengeneza mwenyewe katika raundi ya pili, kisha mwishoni nikaitumia kana kwamba nimeikuta.

Wakati wa likizo baba alinituma kwenye yadi ya mbao nikalete vipande vya kuziba banda la kuku. Lori la Elburgon lilikuwa linashusha. Kijana alikuwa juu.

"Wewe si jaji?"

Wenzake wakacheka. "Jaji, njoo utuhesabie mbao! Lakini usitupunguzie!"

Akashuka. Nikamwambia nimekuwa nikitaka kumwona, kwamba ile raundi ya pili sikuwa na hakika.

"Ungeniuliza," akasema. "Mimi nilikuwa na hakika."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Nikamuuliza kama bado anacheza.

"Ruhusa ilikuwa moja, ndugu yangu."

Akanichagulia vipande vizuri, visivyo na vifundo, akanifungia kamba, akanitwika. Nilipofika barabarani nilisimama. Nilikuwa nimekuja kusema kweli, nikamwambia uongo ule ule niliojiambia siku ile. Niligeuka. Lori lilikuwa bado pale, naye amepanda tena, mgongo umenielekea. Sauti yangu ingemfika.

Nikaweka mzigo sawa kichwani, nikaenda nyumbani.