Unga Uliogoma Kuwaka Njano

Kutoka Lubumbashi hadi Brussels nilitumia miaka sita, kwa sababu kila nilipofika nilipapenda. Ndola nilipapenda, nikauza matairi. Dar es Salaam nilipapenda zaidi, nikapaka rangi nyumba za watu. Istanbul nilipiga pasi suruali mpaka baridi mbili zikapita. Kisha asubuhi moja ya mvua nikashuka kwenye basi Brussels, nikiwa na begi moja na mashati meupe manne, nikapapenda hata kabla sijapata chai.

Nilipata kazi ya kuosha vyombo vya kioo katika maabara ya chuo kikuu. Nilikuwa na diploma ya sekondari, lakini kemia niliyoikumbuka ilikuwa harufu ya mayai mabovu tu. Siku ya kwanza nililitukana bomba kwa Kiswahili chetu, na binti mmoja mwenye koti jeupe akaangusha kalamu.

"Tonton! Uko wa Lushi?" Aliniita mjomba, na Lubumbashi akaiita Lushi kama sisi tuliozaliwa kule.

Alikuwa anaandika tasnifu yake ya udaktari. Kazi yake ilikuwa kutengeneza unga. Alinieleza kwamba chembe za zinki ni kama pembe za nyumba, na molekuli za kaboni ni fito zinazounganisha pembe na pembe. Ndani hubaki vyumba vitupu, vidogo mno. Ukiuweka unga huo chini ya taa kama ile ya kukagulia noti, unawaka buluu. Ukipachika kitu kidogo kwenye fito, nitrojeni na hidrojeni zake mbili, rangi inabadilika. Yeye alikuwa anaitafuta njano.

"Zinki!" nilisema. "Baba yangu aliichimba mgodini Kipushi maisha yake yote. Hakuna aliyemwambia inawaka."

Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Bila njano hapakuwa na sura ya mwisho, na bila sura ya mwisho hapakuwa na udaktari. Kwa wiki tatu alibadilisha fito, akapika unga upya, akauweka chini ya taa. Buluu. Akapika tena. Buluu. Akaanza kula mikate yangu bila kuomba, nikajua mambo ni mabaya.

Ijumaa moja nilikuwa na harusi mtaa wa Saint-Josse baada ya kazi, kwa hiyo nilivaa shati jeupe chini ya ovaroli. Kulikuwa na joto. Nikafungua vifungo, nikaingia chumba cha giza, alikokuwa binti na taa yake, kuchukua vyombo vichafu.

"Tonton, shati yako!" alipiga kelele, akicheka. "Unawaka kama enseigne ya nganda!"

Nilijitazama. Kifua kizima kilikuwa buluu, kweli kama kibao cha taa mlangoni mwa baa! Nikageuka huku na huku, mikono kiunoni.

"Njo vile tunavaaka Matonge, mtaa wetu Wakongo, docta."

Ghafla aliacha kucheka. Alichukua kichupa cha unga wake, akakishikilia mbele ya mfuko wa shati langu. Buluu ile ile.

"Shati unafulaka na nini?"

"Na sabuni ya unga, ile ya maduka ya Chaussée de Wavre. Inafanya nguo nyeupe sana."

"Na bi verre yangu?" Alinionyesha vyombo vya kioo nilivyokuja kuchukua.

Mama yangu alitufundisha kwamba kitu kisichonukia sabuni hakijaoshwa. Sabuni ya maabara haikuwa na povu wala harufu, nami sikuiamini. Kila siku niliongeza konzi moja ya sabuni yangu, na nilisuuza kidogo tu ili harufu ibaki. Kumbe sabuni zile hutiwa dawa inayowaka buluu ili nguo zionekane nyeupe zaidi, na vile vyumba vya unga wake vilikuwa vinainywa kama sponji, buluu ikaifunika njano.

"Kama ni kunifukuza, mnifukuze," nilisema. "Profesa wako nitamwambia mwenyewe."

"Kukufukuza? Wiki tatu minalia juu ya chimie yangu, kumbe ni lessive, sabuni ya nguo!" Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Chimie iko bien, tonton! Ni weye!"

Harusini sikwenda. Tuliosha kila chupa upya, tukasuuza mara saba, huku kila mmoja akinusa na kumpa mwenzake anuse. Jumatatu nilimwambia profesa. Alininyooshea kidole, akanusa koti lake, akasema sasa ameelewa kwa nini maabara ilinukia kama kwa nyanya yake.

Jumatano unga mpya ulitoka kwenye tanuri. Akawasha taa. Njano! Njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji! Tulicheza mle gizani, yeye na kichupa chake, mimi nikiwaka buluu, mpaka profesa akaja kugonga mlango, kisha akabaki.

Alipata udaktari wake. Mimi nilikaa hadi nikazijua saa za tramu bila kutazama ubao, na miguu ikaanza kuwasha. Siku niliyoondoka kabisa alinisindikiza stesheni, akanitia mkononi chupa kubwa ya sabuni isiyo na povu wala harufu.

"Kule unaenda, tonton, usiwaguse watu wa chimie na ile sabuni ingine."

Niliapa. Treni ilipoanza kwenda nilimpungia mkono, nikiwa katika shati jeupe lililonukia vizuri sana.